Taa Zilizokataa Kupita Kaburi la Mume Wangu

Taa za pikapu zilizimika tena.

Pale pale. Ubavuni mwa kaburi la mume wangu.

Kwanza zilimulika kwa mwanga mweupe mkali, migomba yote ikawa kama mchana. Halafu fyuu. Giza. Kwenye dashibodi kikabaki kile kitaa chekundu cha chaji kikinikodolea macho.

Injini haikuzima. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Ingezima kila kitu ningesema gari bovu. Lakini injini inanguruma vizuri, taa ndizo zimegoma, na mimi niko peke yangu na mzigo wa ndizi, kaburi hapo, jua limeshazama.

Nilipiga ishara ya msalaba. Nikaipiga tena, maana ya kwanza niliona kama haijakolea.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkasema nawaletea hadithi za kutishia watoto.

Naitwa Edvina. Naishi Bakoba, Bukoba mjini, na wanangu. Mume wangu Lwakatare alifariki ghafla mwaka juzi. Aliamka mzima, jioni tukawa tunatafuta jeneza. Tulimzika nyumbani kwao Muleba, upande wa Kamachumu, ndani ya kibanja chake, shamba la nyumbani, katikati ya migomba, kama Wahaya tunavyozikana.

Aliniachia watoto, kibanja cha ndizi na kahawa, na pikapu ya dizeli iliyonizidi umri. Pikapu hiyo aliipenda kuliko nilivyokuwa nakubali. Nilijifunza kuiendesha baada ya msiba, huku nikilia na kubadilisha gia.

Kila mwisho wa wiki nilikuwa naenda kibanjani, nakata ndizi, napakia, narudi nazo sokoni Bukoba. Ada za watoto zilikuwa zinatoka humo. Chakula kilikuwa kinatoka humo. Kibanja kikiondoka, mimi na wanangu tumekwisha, na hapo sitanii.

Njia ya gari kutoka nyumbani kwenda barabarani inapita kando ya kaburi, inavuka mtaro wa maji ya mvua, halafu inakata kona na kupanda.

Taa zilikuwa zinafia hapo.

Na tena zina akili. Nikija na gari tupu, zinawaka vizuri mpaka mlangoni. Nikishapakia ndizi za Lwakatare tu, nikifika kwa Lwakatare, zinakataa.

Sasa wewe jiulize, ungewaza nini?

Siku hiyo nilisikia mtu anakohoa kwenye migomba. Moyo paaa! Kumbe ni Gamaliel, jirani yetu, na tochi yake mkononi.

Gamaliel alikuwa mtu wa nyumbani kabisa. Rafiki wa mume wangu tangu shule ya msingi. Baba wa ubatizo wa mwanangu Avit. Kwenye msiba ndiye aliyenishika mkono nisianguke kaburini. Kibanja chake na chetu vinapakana.

"Mama Avit," aliniambia kwa sauti ya chini, "si nilikuambia? Marehemu hajatulia."

"Nimemkosea nini, baba?"

"Mimi sijui ya chumbani mwenu. Ila sikiliza, mwanamke. Kila siku nakuambia, ukija huku, pakia mapema, ondoka jua likiwa bado juu. Usikutwe na giza hapa. Nakuambia kwa sababu nakuhurumia."

Akatangulia mbele ya gari na tochi yake, akaniongoza mpaka barabarani, na huko taa zikawaka zenyewe. Nilimshukuru nikilia.

Nilipofika mjini nikafanya kosa. Niliandika kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp: "Taa zimekataa tena pale kwa Baba Avit."

Jamani, mimi nilimaanisha taa. Sisi wote si tunasema gari limekataa kuwaka, redio imekataa, simu imekataa kushika chaji? Kiswahili cha kila siku.

Shemeji yangu Karugendo, mdogo wake marehemu, akajibu: "Zimekataa, au AMEKATAA?"

Kikundi kikalipuka. Wazee ambao hata kusoma ujumbe huwa wanasomewa na wajukuu wakaamka. Amekataa. Lwakatare amekataa ndizi zake zisipande gari na huyu mwanamke. Kuna shangazi alituma maneno ya sauti marefu kuliko mahubiri, na yote yalikuwa yananihusu mimi.

Mwisho Karugendo akaandika: "Kikao cha ukoo Jumamosi baada ya wiki mbili. Kibanja kirudi. Shemeji, usidhani hatujui unachokifanya."

Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi. Nilikuwa nafanya nini? Nalima, napakia, nauza, nalisha watoto wa kaka yake. Sikuelewa, na nilikuwa naogopa kuuliza.

Karugendo hakuwahi kunipenda. Tangu msiba alikuwa akiniona ananuna. Akipita kibanjani haingii ndani, anazunguka tu huku na huku kwenye migomba anaangalia chini, halafu anaondoka bila hata kunywa kahawa. Nilimwita mchawi kimoyomoyo. Na mdomoni pia, nikiwa na dada zangu.

Basi nikaenda tena kwa fundi.

Bashiri ni fundi umeme wa magari pale Miembeni. Anajua kazi, ila ukimpa gari lako ujue umempa na masikio yako. Anaongea kuliko redio.

Alishapima betri. Akabadilisha. Akafungua alteneta, ile inayochaji betri, akaweka kaboni mpya. Akagusa katauti, ile inayosimamia chaji. Akaangalia fyuzi, swichi, kila kitu. Balbu za mbele zilikuwa zinaungua ovyo, anaweka nyingine. Kila nikipeleka, anawasha, taa zinawaka. Anapima chaji, chaji iko juu.

"Wallahi mama, gari hili zima," aliniambia safari ya mwisho, anajifuta mikono. "Mimi nimemaliza ya kwangu. Hebu tafuta na njia nyingine. Msomee marehemu misa, au hata mimi nikuitie shehe, tuchanganye nguvu."

Alikuwa anatania, lakini hakucheka mpaka mwisho.

Mwisho wa wiki uliofuata nilikwenda kibanjani asubuhi. Sikukata ndizi kwanza. Nilikaa kaburini.

"Lwakatare," nilimwambia, "kama una neno na mimi, sema. Usinitishe mbele za watu. Nimekulilia, nimekuvalia nyeusi, sijaleta mwanaume nyumbani kwako. Unataka wanao wakaombe?"

Hakujibu. Upepo tu kwenye majani. Nililia mpaka nikaona aibu, kisha nikapandwa na hasira. Ndiyo, nilimkasirikia maiti, na wala siombi radhi.

Niliponyanyuka nikaona kama kaburi liko pembeni sana. Sikumbuki vizuri nilichowaza. Siku ya mazishi lilikuwa katikati ya migomba yetu, sasa milamula ya Gamaliel naiona hii hapa. Mlamula ni ule mti wetu mwembamba tunaoupanda mpakani. Kwetu mlamula ni shahidi, ukishasimama pale hakuna wa kubishana nao.

Nikasema moyoni, mawazo ya mjane hayo. Nikaenda kukata ndizi. Mikungu nayo ilikuwa inazidi kupungua, nikadhani ni ugonjwa wa mnyauko.

Nikapakia mapema kama Gamaliel alivyonifundisha, nikaondoka jua kali. Hata mchana kile kitaa chekundu kiliwaka nilipopita kaburini.

Kufika mjini, nikiwa naelekea sokoni, nikasikia harufu ya waya unaoungua. Nikachungulia, moshi unafuka mbele. Nilikuwa jirani na Miembeni, nikakata kona moja kwa moja gerejini kwa Bashiri, na mikungu yangu yote nyuma.

"Mama, hapa ni gereji au soko?" akaanza.

"Gari linaungua, wewe unaniuliza soko!"

Akafungua boneti. Akaegemea bodi kuangalia ndani, na mimi nilikuwa nimewasha taa. Zikakatika. Akainuka. Zikawaka.

Akanyamaza. Bashiri kunyamaza, nikajua jambo limekuwa zito.

"Mama, hebu usiizime." Akawaita mafundi wenzake. "Pandeni huko nyuma, juu ya ndizi. Wote."

Wakapanda. Taa zikamulika kwa nguvu, zikafa. Kitaa chekundu kikawaka.

"Shukeni!"

Wakashuka. Taa hizoo.

"Pandeni tena!"

Giza tena. Gereji nzima ikaangua kicheko, watu wakatoka madukani kuja kuona gari linalochagua abiria. Mimi sikucheka. Nilishuka, nikakaa juu ya tairi bovu.

Bashiri akaingia chini ya gari na kisu. Alipotoka alikuwa ameshika waya mnene mweusi, ule wa ethi unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye chasisi. Kwa nje ulikuwa mzima. Akauchana ganda. Nyuzi za shaba ndani zilikuwa za kijani, zimekatika karibu zote.

"Mzimu wako huyu hapa," akasema.

Akanieleza taratibu. Gari likiwa tupu, nyuzi zinagusana, umeme unapita. Likibeba mzigo, bodi inakaa chini, waya unavutwa. Likiingia kwenye shimo ndipo zinaachana kabisa. Betri inakuwa haimo, alteneta inabaki inahangaika peke yake, taa zinamulika vibaya, balbu zinaungua, chaji haiingii.

"Huko kwenu kuna shimo mahali?"

"Kuna mtaro," nikamjibu. "Pale pale kwenye kaburi."

Akanitazama. "Kwani mama, siku zote ulikuwa unaniletea gari likoje?"

"Nikishashusha ndizi sokoni. Nani anapeleka ndizi kwa fundi? Zipigwe jua, ziwe nyeusi, na hawa vijana wako wanitafunie zilizoiva?"

"Sasa ona. Mgonjwa anaumwa akibeba mzigo, wewe unamleta ameshapumzika. Mimi ningemjuaje?"

Akafunga waya mpya, mrefu kuliko ule. Boliti akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Wakapanda wote nyuma, wakaruka ruka, taa hazikupepesa.

Siku hiyo nililala kama mtoto.

Kulipokucha hofu ikarudi. Nani kwenye ukoo ataniamini nikiwaambia kilichokataa ni waya? Nikampigia Karugendo. Nilimweleza yote, hata vijana kupanda juu ya ndizi.

Nilisikia anafunga mlango kwanza.

"Maneno ya fundi siyajui," akasema. "Nataka nione kwa macho yangu. Ijumaa, ukishapakia, njoo unichukue Muleba mjini. Turudi wote pale, giza likiingia, na mzigo ukiwa humo. Zikiwaka, kesho yake kwenye kikao nitasema zimewaka. Zikikataa, nitasema hivyo hivyo. Na usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Hata Gamaliel alipopiga kunipa moyo, sikumwambia.

"Mama Avit, usiogope kikao," alisema. "Mimi jirani ndiye shahidi wa mipaka. Watakachokukatia, nitahakikisha unabaki hata na pa kukanyaga."

Nilimwambia asante baba, Mungu akubariki.

Ijumaa nikapakia. Jua likiwa bado juu nikawasha gari. Gamaliel alikuwa kwao anapalilia, akanipungia mkono. "Afadhali umewahi! Safari njema!"

Nikamchukua Karugendo Muleba mjini. Tulipofika njia ya kuingia kibanjani, manyunyu yalikuwa yameanza na giza linashuka.

"Usiwashe taa," akasema. "Ukifika kwenye kona simama, zima kila kitu. Nataka kumwombea kaka kwanza. Ndipo uwashe."

Nikazima injini juu kabisa kuokoa dizeli, gari likateremka lenyewe taratibu, mguu wangu kwenye breki, mpaka kwenye kona. Nikasimama. Manyunyu yakawa yanagonga majani ya migomba. Karugendo akavua kofia, akainamisha kichwa.

Ndipo tukasikia.

Chwaa. Chwaa. Chwaa.

Jembe. Mtu alikuwa anachimba. Na sauti ilikuwa inatoka kaburini.

Karugendo alinishika mkono. Mwanaume mzima, vidole vyake vilikuwa vya baridi kama samaki. "Unasikia?" akanong'ona. Niliitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba Lwakatare anatoka.

Jembe likaacha. Kikasikika kitu kinang'oka ardhini, kama mzizi unakatika.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilizungusha ufunguo. Injini ikanguruma. Nikawasha taa, zile kubwa kabisa.

Zikawaka! Mwaka mzima na zaidi hazijawahi kuwaka pale na mzigo, siku hiyo ziliwaka mpaka tukaona matone ya mvua moja moja.

Katikati ya mwanga alikuwa amesimama mtu. Tope magotini. Begani amebeba mlamula mzee, mizizi yake inadondosha udongo. Nyuma yake kuna shimo jipya, hatua chache tu kutoka kwenye saruji ya kaburi.

Gamaliel.

Yeye alikuwa hatuoni. Aliona taa tu. Alijua mimi nimeshaondoka. Alijua taa za pikapu ile hazipiti pale. Na alijua mwenye pikapu yuko wapi.

Mlamula ukamdondoka. Akaanguka magoti.

"Lwakatare!" alipiga yowe, sijawahi kusikia mtu mzima analia vile. "Lwakatare waitu, ndugu yetu, nisamehe! Usinichukue! Nitairudisha yote! Mkeo sikumgusa, nilimtisha kwa maneno tu ili aondoke mapema! Karugendo nilimwambia tu uongo kwamba mkeo ananiuzia vipande! Nisamehe rafiki yangu, kesho nairudisha yote!"

Nikageuka kumtazama shemeji yangu.

Alikuwa ameachia mdomo wazi, machozi yanamtoka. "Shemeji," akasema, "aliniambia unamuuzia kipande kipande. Nilikuwa nakuja kila mara napima kwa hatua, naona kibanja cha kaka kinapungua. Nikaona bora tukunyang'anye, watoto wasije wakakosa hata kaburi la baba yao."

Kumbe kununa kote kule! Mtu alikuwa analinda kibanja cha wanangu, anakilinda dhidi yangu mimi, na mimi namwita mchawi.

Akafungua mlango akashuka. Nilidhani atampiga. Hakumpiga. Alikwenda akasimama kwenye mwanga, Gamaliel akamwona, na hapo ndipo akaelewa kwamba ameungama kwa watu walio hai. Akaanza kutafuta maneno. "Karugendo, huu mlamula nilikuwa nausaidia tu, ulikuwa umeegemea..."

"Nyamaza," Karugendo akamwambia. "Kaka yangu amekusikia."

Jumamosi ukoo ulikutana, lakini hatukukaa kwenye viti. Wazee walitembea mpakani na fimbo zao, wakahesabu mashimo ya zamani yaliyofukiwa na kuotewa na majani. Alikuwa anang'oa ile milamula mizee yenyewe na kuipanda ndani ya kibanja chetu, kusudi ionekane iko pale siku nyingi. Mwezi baada ya mwezi, mimi nikishawahi kuondoka. Safu iliyokuwa imebaki ilikuwa ni ya kulimeza kaburi.

Waya haukukatwa na mtu. Ulichakaa wenyewe, gari la zamani. Yeye aliuona uoga wangu akauona unafaa, akaumwagilia maji.

Milamula ilirudi mahali pake mbele ya viongozi wa kijiji. Kibanja kikaandikwa cha watoto, mimi mlinzi wao. Karugendo siku hizi akija anakunywa kahawa, ila kununa bado ananuna, nadhani ndiyo sura yake. Yule shangazi wa maneno ya sauti hajawahi kuomba radhi, na kikundini sasa anatuma maua tu.

Gamaliel bado ni jirani. Tunasalimiana, basi. Avit aliniuliza kama bado ni baba yake wa ubatizo. Nilimwambia ubatizo haufutiki, mwanangu, lakini shikamoo mpe ukiwa barabarani, nyumbani kwake usiingie.

Ndugu yangu unayesoma hapa, sikukatazi kuogopa wafu. Hata mimi kaburini pale bado napiga ishara ya msalaba. Ila yupo mtu anayekuonea huruma sana, kila ukija anakuhimiza uwahi, uende, usichelewe, yeye yupo atakuangalizia. Siku moja msubiri. Kaa mpaka giza liingie, uone yeye anabaki kufanya nini.